Punguza Picha, Usipunguze Habari

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)

  

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wengi wetu tunacho mfukoni au kwenye pindo la kanga. Kitu hicho ni picha ya simu. Hatutazungumza juu ya kupiga picha. Hilo watoto wetu wanalijua, nasi tunalijua. Tutazungumza juu ya kuipunguza picha ili isafiri kwenye mtandao bila kumaliza bando, na ikifika iwe bado inasema kile tulichotaka iseme.

Huenda wengine mnasema moyoni, "Ah, picha si hupigwa na kutumwa tu! Kuna somo gani hapo?" Somo lipo, ndugu zetu. Picha ni kama barua. Barua ikiwa ndefu mno humchosha msomaji, naye huiweka kando. Ikiwa fupi mno, neno lenyewe huachwa nje. Picha nayo ni hivyo hivyo. Ikiwa nzito mno haifiki, au hufika kwa gharama kubwa. Ikipunguzwa ovyo hufika upesi, lakini habari imebaki njiani.

Tutatumia mifano miwili. Mfano wa kwanza ni mdudu anayekula mahindi. Mfano wa pili ni stakabadhi ya mauzo ya pamba. Yote miwili ina chakula chetu na fedha zetu ndani yake. Kwa hiyo tusikilizane vizuri.

PICHA YA SIMU NI NINI?

Mmeona mapambo ya shanga. Ukiyatazama kwa mbali unaona mistari, maua, hata majina ya watu. Ukiyasogeza karibu na macho unaona shanga moja moja. Kila ushanga una rangi yake moja tu. Zikipangwa pamoja ndipo zinapotoa umbo.

Picha ya simu imetengenezwa vivyo hivyo. Ni nukta ndogo sana zilizopangwa kwa safu, kama shanga. Wataalamu huita nukta moja pikseli. Kila nukta ina rangi moja. Simu huiandika rangi hiyo kwa tarakimu, yaani kwa namba tatu: namba ya wekundu, namba ya ukijani na namba ya ubuluu.

Haya, sasa tupige hesabu, maana hesabu tulijifunza. Picha ya kawaida ya simu janja ina nukta 4,000 kwa upana na nukta 3,000 kwa urefu. Elfu nne mara elfu tatu ni ngapi? Ni milioni 12. Ndiyo maana huambiwa, "Simu hii ina megapikseli 12." Maana yake ni nukta milioni 12, basi. Na kila nukta ina namba tatu. Kwa hiyo picha moja ni namba milioni 36. Kila namba huchukua nafasi ya baiti moja. Baiti milioni moja huitwa megabaiti moja, nasi huandika MB 1. Kwa hiyo picha moja ingekuwa MB 36.

Lakini tukifungua maelezo ya picha kwenye simu zetu hatuoni MB 36. Tunaona MB 3, au 4, au 5. Imekuwaje? Simu yenyewe imekwisha kuipunguza picha mara ya kwanza, kabla hata hatujaigusa. Tutaona hivi punde namna inavyofanya.

Jambo hili la kuandika picha kwa namba halikuanza na simu. Mwaka 1957, huko Marekani, mtaalamu aitwaye Russell Kirsch na wenzake waliiingiza picha ndani ya kompyuta. Ilikuwa picha ya mtoto wake mchanga, Walden. Ilikuwa na nukta 176 kwa upana na 176 kwa urefu. Jumla yake ni nukta 30,976. Kompyuta ya siku zile haikuwa na nafasi ya kutosha kwa picha kubwa zaidi. Leo simu ya mkononi inapiga picha yenye nukta nyingi kuliko hizo kwa zaidi ya mara 380. Mnaona? Shida ya mwaka 1957 na shida yetu leo ni ile ile: nafasi ni ndogo, na picha ni kubwa.

VIPIMO NA UZITO

Tutenganishe mambo mawili. La kwanza ni vipimo vya picha, yaani idadi ya nukta. La pili ni uzito wa picha, yaani MB zake. Vipimo vikipungua, uzito nao hupungua. Lakini hupungua kwa kiasi gani?

Turudi shambani. Sisi wakulima tunapima ekari moja kwa hatua 70 kwa 70. Je, ukipima hatua 35 kwa 35, umepata nusu ekari? Hapana! Umepata robo ekari. Umekata nusu ya upana na nusu ya urefu, kwa hiyo umebaki na robo ya shamba.

Picha ni shamba la nukta. Tukishusha picha ya 4,000 kwa 3,000 ikawa 2,000 kwa 1,500, nukta zinashuka kutoka milioni 12 hadi milioni 3. Ni robo. Tukishusha hadi 1,600 kwa 1,200, tunabaki na nukta 1,920,000. Ni chini ya sehemu moja ya sita. Na picha ya 1,600 kwa 1,200 ikifunguliwa kwenye kioo cha simu huonekana safi kabisa, maana kioo cha simu nyingi hakina nafasi ya kuonyesha nukta milioni 12 kwa mara moja. Nukta nyingi tunazotuma zinakwenda safari ya bure.

NJIA TATU ZA KUPUNGUZA PICHA

Ziko njia tatu. Watu wengi huzichanganya, na hapo ndipo hasara huanzia.

Njia ya kwanza ni kukata. Hapa tunaondoa pembeni mwa picha vitu visivyotakiwa. Kama tunamwonyesha mtu kiwavi, haina haja kumtumia na mbingu, na jembe, na miguu ya mtoto aliyesimama kando. Tunakata, tunabaki na kiwavi. Nukta za kiwavi hazijaguswa hata moja.

Njia ya pili ni kushusha vipimo. Picha inabaki nzima, lakini inaandikwa upya kwa nukta chache. Ni kama mfumaji anayetaka kuufanya upya mkeka wake mkubwa uwe mdogo. Ua linabaki, ila vijimistari vyembamba vya ndani ya ua havipati nafasi.

Njia ya tatu ni kubana. Hapa nukta ni zile zile kwa idadi, lakini zinaandikwa kwa namba chache. Kubana nako ni kwa namna mbili, nazo tunazijua katika kazi zetu.

Namna ya kwanza ni ya robota la pamba. Kiwandani pamba hushindiliwa kwa mashine ikawa robota gumu. Robota hubebwa kirahisi, na likifunguliwa, pamba yote imo. Hakuna kilichopotea. Ziko aina za picha zinazobanwa hivi, na mojawapo huitwa PNG. Inafaa sana kwa maandishi na michoro. Ubaya wake ni kwamba kwa picha za watu na mashamba haipunguzi uzito sana.

Namna ya pili ni ya kukoboa mahindi. Tukipeleka mahindi mashineni na kukoboa, tunapata sembe. Ni nyeupe, ni laini, na mzigo umepungua. Lakini pumba na kiini vimekwenda. Je, unaweza kuichukua sembe ukairudisha iwe dona? Haiwezekani. Kilichotoka kimetoka. Picha nyingi za simu hubanwa kwa namna hii, nayo huitwa JPEG.

JPEG ilifanywaje? Mwaka 1974 mtaalamu aitwaye Nasir Ahmed, mzaliwa wa India aliyefanya kazi Marekani, alichapisha pamoja na wenzake wawili hesabu ya kuigawa picha ili kujua kipi ndani yake ni kikubwa na kipi ni kidogo. Mwaka 1986 wataalamu wa mataifa mbalimbali waliunda kamati ya kutafuta namna moja ya kubana picha. Mwaka 1992 kanuni yao ikakubaliwa. Kanuni hiyo hugawa picha katika miraba midogo, kila mraba nukta 8 kwa 8. Halafu ndani ya kila mraba huhifadhi kile ambacho jicho la mtu hukiona vizuri, na kuacha kile ambacho jicho halikioni sana. Jicho letu ni kali kwa mwanga na kivuli, lakini si kali sana kwa tofauti ndogo za rangi. Kwa hiyo JPEG hukoboa zaidi upande wa rangi.

Hapo ndipo MB 36 zinapokuwa MB 4, nasi hatuoni tofauti. Ni ufundi wa kusifiwa. Lakini kumbukeni: ni kukoboa. Ukikoboa kidogo, chakula ni kizuri. Ukikoboa kupita kiasi, picha inaanza kuonyesha vijiraba kama vigae, na kandokando ya herufi kunatanda ukungu. Ukiihifadhi upya, ukaikoboa tena, na tena, kila mara kuna kitu kinachopotea.

KIWAVI MWENYE MADOA MANNE

Sasa tuje kwenye mfano wa kwanza. Viwavijeshi vamizi asili yao ni bara la Amerika. Mwaka 2016 iligunduliwa kwamba wameingia Afrika ya Magharibi, na mwaka uliofuata wakaonekana Tanzania. Wanakula mahindi, na hupenda kujificha ndani ya moyo wa mmea. Akishaingia humo, dawa inayopuliziwa juu humfikia kwa shida. Kwa hiyo kumtambua mapema, angali mdogo, ni jambo la kuokoa shamba.

Lakini si kila kiwavi kwenye mahindi ni huyo. Wako viwavijeshi wa siku zote, wako na bungua wanaotoboa mabua. Kila mmoja ana tabia yake na namna yake ya kupigwa vita. Kiwavijeshi vamizi aliyekua anatambulikaje? Usoni ana alama iliyofanana na herufi Y iliyopinduliwa. Na karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe nne za mraba.

Tuseme basi mama mmoja amemwona kiwavi shambani. Bwana shamba yuko mbali. Mama anapiga picha ili amtumie. Picha ina upana wa nukta 4,000. Kiwavi amechukua sehemu moja ya kumi ya upana huo, yaani nukta 400. Yale madoa manne kwa pamoja yamechukua nukta kama 30.

Mama ana bando dogo. Anaishusha picha nzima hadi 800 kwa 600. Amegawanya kwa tano. Kiwavi sasa ana nukta 80. Na madoa manne je? Yamebaki na nukta 6. Madoa manne ndani ya nukta 6! Yamekuwa waa moja tu la giza. Bwana shamba anaifungua picha, anaikuza, anakunja uso. Anaona kiwavi, lakini hawezi kusema ni kiwavi gani. Anajibu, "Mama, tuma nyingine." Siku imepita, na kiwavi anaendelea kula.

Sasa tumpe mama huyo njia nyingine. Anachukua picha ile ile ya kwanza. Badala ya kuishusha, anaikata. Anamzungushia kiwavi kipande chenye nukta 800 kwa 600, vingine vyote anaviacha nje. Kiwavi bado ana nukta 400. Madoa manne bado yana nukta 30. Bwana shamba anaikuza, anahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Ameshamjua.

Tazameni jambo hili, ndugu zetu. Picha zote mbili zina nukta 480,000. Uzito wake unakaribiana. Bando lililoliwa linakaribiana. Lakini moja ina habari, na nyingine haina. Kwa hiyo shikeni maneno haya: KATA KWANZA, PUNGUZA BAADAYE. Na pengine ukishakata, huna haja ya kupunguza tena.

Kwa kazi ya shamba ni vizuri kutuma picha tatu. Moja ya shamba kwa jumla, ili aone ugonjwa umeenea wapi. Moja ya mmea mzima. Na moja ya mdudu au jani kwa karibu. Ya shamba na ya mmea unaweza kuzishusha vipimo bila hofu. Ya mdudu ikate, usiishushe.

STAKABADHI YENYE TATU NA NANE

Mfano wa pili. Mkulima ameuza pamba, akapewa stakabadhi. Imeandikwa kwa mkono, kilo 380. Malipo yanachelewa. Anataka kumtumia mwanawe aliye mjini picha ya stakabadhi amsaidie kufuatilia. Anaiweka juu ya meza, anapiga picha ya meza nzima, anaibana sana, anaituma.

Mtoto anaifungua. Je, ni 380 au ni 330? Au 880? Tatu na nane ni ndugu. Zinatofautiana kwa vijimstari viwili vidogo upande wa kushoto. Vijimstari hivyo ndivyo vinavyokufa kwanza picha inapokobolewa. Kati ya kilo 330 na kilo 380 kuna kilo 50 za pamba. Hizo ni fedha za ada, au za mbegu za msimu ujao.

Maandishi hayataki kukobolewa sana. Karatasi iwekwe mahali penye mwanga, isiwe na kivuli cha simu. Simu ishikwe juu yake sawasawa, isiinamishwe. Karatasi ijae kwenye kioo, meza isionekane. Halafu ikatwe pembeni. Kama simu ina sehemu ya kupiga picha za hati, itumieni, maana hunyoosha karatasi na kuifanya herufi isomeke, na huweza kuihifadhi kwa aina ya PDF. Kama simu inakupa nafasi ya kuchagua PNG, nayo yafaa kwa maandishi.

Kisha kabla ya kutuma, soma mwenyewe picha hiyo kwa sauti: tarehe, kilo, bei, jumla. Ukishindwa wewe unayeijua, mwingine ataisomaje?

NANI ANALIPA?

Wengine watasema, "Bando langu ni kubwa, mimi natuma tu kama ilivyo." Sawa. Lakini aliyeko upande wa pili naye anakatwa. Picha 20 zenye MB 4 kila moja ni MB 80. Mtumaji anatumia MB 80, na mpokeaji anatumia MB 80. Zikishushwa kila moja hadi KB 400, yaani MB 0.4, picha zote 20 zinakuwa MB 8. Ni sehemu moja ya kumi.

Na tukituma kwenye kikundi cha watu 100? Faili moja ya MB 4, wakiifungua wote, ni MB 400. Zimelipwa na watu wengi, kidogo kidogo, wala hakuna aliyeulizwa. Kumpunguzia mwenzako mzigo ni adabu, kama vile kumpokea mgeni mzigo mlangoni.

Tena ziko ofisi na fomu za maombi kwenye mtandao zinazoweka kikomo. Huandikwa kwamba picha isizidi KB kadhaa. Ikizidi, inakataliwa. Kijana anaweza kukosa nafasi kwa sababu ya picha tu. Barua pepe nazo zina kikomo. Kwa mfano, Gmail hairuhusu viambatisho vinavyozidi MB 25 katika barua moja.

WhatsApp, ambayo wengi tunaitumia, huipunguza picha yenyewe bila kutuuliza. Ndiyo sababu picha iliyokuwa safi kwako hufika imefifia. Tangu mwaka 2023 kuna alama ya HD inayoonekana kabla ya kutuma. Ukiibonyeza, picha huenda ikiwa na nukta nyingi zaidi. Na ukiituma kama faili, si kama picha, huenda ilivyo bila kukobolewa. Basi picha ya harusi itume kawaida. Picha ya kiwavi au ya stakabadhi ikate kwanza, kisha itume kwa HD au kama faili.

HATUA ZA KUFUATA

Sasa tuseme kwa utaratibu, ili mtu aweze kufuata akiwa nyumbani.

Hatua ya kwanza: fungua picha, tazama maelezo yake. Kwenye simu nyingi kuna alama ya herufi i, au vitone vitatu. Hapo utaona vipimo, uzito na tarehe.

Hatua ya pili: tunza picha ya asili. Fanya kazi kwenye nakala. Simu nyingi hukuuliza kama uhifadhi nakala. Kubali. Picha ya asili ni kama mbegu. Anayekula mbegu hana cha kupanda.

Hatua ya tatu: kata. Bonyeza alama ya kalamu, kisha alama ya mraba wenye pembe zilizopishana. Vuta kingo kwa kidole mpaka kibaki kile unachotaka kionekane.

Hatua ya nne: kama bado ni kubwa, shusha vipimo. Simu nyingine zina nafasi hiyo pale pale kwenye kuhariri. Nyingine zinahitaji programu ndogo. Upana wa nukta 1,600 unatosha kwa picha za kutazamwa kwenye simu.

Hatua ya tano: kama unaulizwa kiwango cha ubora, kuanzia 1 hadi 100, chagua karibu na 80. Picha itapungua sana uzito, na jicho halitaona tofauti. Usishuke chini sana.

Hatua ya sita: kagua. Kuza picha kwa vidole viwili. Jiulize, "Nilitaka aone nini? Je, kinaonekana?" Kama hakionekani, rudi kwenye picha ya asili, uanze upya.

Ndipo utume.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Jambo la kwanza. Picha iliyoshushwa hairudi kwa kukuzwa. Ukiikuza, simu inajaza nafasi kwa kukisia. Siku hizi kuna programu za akili bandia zinazosema zinasafisha picha iliyofifia. Picha inakuwa nzuri kweli. Lakini vile vilivyopotea programu haivioni, inavibuni. Inaweza kumchorea kiwavi madoa asiyo nayo, au kuigeuza tatu ikawa nane. Kwa picha ya ukumbusho, hayo ni mapambo. Kwa ugonjwa wa mimea, kidonda cha mgonjwa au hesabu ya fedha, hayo ni hatari. Usimtumie mtaalamu picha ya namna hiyo.

Jambo la pili. Ziko tovuti zinazokupunguzia picha bure. Fahamuni kwamba picha yenu inakwenda kwanza kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Picha ya ua haina neno. Lakini kitambulisho, cheti au picha ya mgonjwa msizipeleke huko. Zipunguzeni ndani ya simu yenu. Na programu inayotaka kuona namba za watu wako wote kwa kazi ya kupunguza picha tu, ina haja gani nazo? Iacheni.

Jambo la tatu. Faili ya picha inaweza kubeba maelezo yaliyofichika: tarehe, saa, na hata mahali ilipopigwa. Baadhi ya mitandao huyaondoa, mingine haiyaondoi, na ukituma kama faili huenda nayo. Bwana shamba akijua mahali, ni vizuri. Mtu usiyemjua akijua nyumba yako ilipo, si vizuri. Kwenye mipangilio ya kamera unaweza kuzima sehemu ya mahali.

Jambo la nne. Kukata picha ni kuchagua kipi kionekane. Tusikate kwa hila. Ukikata sehemu ya shamba iliyo nzuri ukaacha mbaya, au mbaya ukaacha nzuri, umedanganya bila kutamka neno.

KAZI YA KUFANYA

Ndugu zetu, elimu ya maneno matupu husahaulika. Kwa hiyo kabla ya kutawanyika, tugawanyike katika vikundi vya watu watano watano. Kila kikundi kiwe na simu moja. Pigeni picha ya jani lenye doa. Kateni nakala moja, nyingine ishusheni nzima mpaka 800 kwa 600. Halafu zikuzeni zote mbili, mziweke kando kwa kando, mwaulize wenzenu: doa lina rangi gani? Lina ukingo? Lina vumbi juu yake? Andikeni majibu kwenye daftari, pamoja na uzito wa kila picha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na ambaye hakuelewa aulize sasa hivi, asione haya. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Vijana walio hapa wasaidieni wazazi wenu kutafuta alama kwenye simu, nanyi wazazi waonyesheni vijana namna ya kumtambua mdudu. Kila mmoja ana sehemu yake.

Haya, watu watano watano, tuanze.